Kabati la Magari la Idarusi Sadalla

Leo umetimia mwaka mmoja, Baba Yakoub, tangu Alhamisi ile tuliyokusindikiza kutoka Makorora baada ya sala ya adhuhuri, tukarudi bila wewe. Kigoda chako kipo barazani. Mkeo Mwatumu bado anachemsha kahawa ya watu wawili, halafu anajikuta anaimwaga ya pili, na akiulizwa anasema mkono umezoea.

Tulikusudia kuandika maneno machache tu kama wanavyoandika wenzetu: jina, tarehe, na picha yako ile ya kofia ya viua. Lakini Jumamosi iliyopita kulitokea jambo, na Mwatumu amesema ni lazima uambiwe. Tuvumilie basi, maana habari ni ndefu. Na wewe mwenyewe, ukianza kusimulia magari, watu walikuwa wanaaga mara tatu ndipo wapate kuondoka.

Wanaosoma hapa na hawakukujua, wajue kwamba ulikuwa fundi wa bodi za magari kwa miaka thelathini na mmoja. Ulipostaafu, mikono ilikataa kustaafu. Ukaanza kuyatengeneza upya magari yote uliyowahi kuyagusa, safari hii madogo ya kukaa juu ya kiganja, kila futi moja ya gari la kweli ukiifanya robo inchi. Bodi ulikata kwa bati la makopo ya samli. Magurudumu ulichonga kwa kandambili zilizokatika. Vioo vilitoka kwenye chupa za maji, na rangi ulichanganya ndani ya vizibo vya soda, ukipiga mkono wa kwanza, ukiacha ikauke siku nzima, ndipo upige wa pili. Binti yako Samiha alikuwa akitafuta rangi yake ya kucha nyumba nzima, kumbe umeichukua wewe ukapaka taa za nyuma za basi la Lushoto.

Mwatumu alikuwa akikusema. "Mtu mzima na ndevu zake anacheza magari!"

Ukamjibu bila kuinua kichwa, "Sichezi, mke wangu. Nayarudisha."

Na kweli uliyarudisha. Mzee Methusela wa Muheza, aliyeendesha lori la Bedfodi la kubebea mkonge enzi za ujana wenu, ulipompa ile yake alicheka mpaka akavua miwani. "Idarusi! Hata hapa nilipogonga nguzo ya stesheni umepaweka?" Ulipaweka. Ulikumbuka gari la mtu kuliko mwenyewe alivyolikumbuka. Madereva wazee ambao macho yao hayaoni tena barabara walikuja kukaa nawe, wakayapapasa kwa vidole, na kila mmoja alilitambua la kwake. Uliwaachia waondoke nayo, hata yale uliyoyapenda mno, kisha ukashinda siku mbili umenuna.

Magari yanayotembea sasa uliyapima moja kwa moja. Ulitandika jamvi, ukaingia chini na tochi na futi, na ukatoka na oili mpaka kwenye nyusi. Kila kibonyeo ulikiiga na kila kiraka cha bati pia. Ukiona kitu kibovu chenye hatari, ulikitia alama kwenye gari dogo kwa ile rangi nyekundu ya Samiha, mstari mwembamba kama uzi, kwa brashi uliyoitengeneza mwenyewe kwa nywele tatu za mbuzi. Mwenye gari akishatengeneza, uliufuta mstari kwa thina. Ilikuwa desturi Makorora, dereva mwenye safari ndefu kupita na kuuliza, "Mzee Idarusi, langu lina wekundu?" Ukisema halina, alikwenda zake kifua mbele.

Ulipoondoka, Mwatumu alilifunga kabati na ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso. Aliliogopa. Tuseme ukweli, alikuwa akipita mbele yake kwa haraka kama mtu anayempita mbwa asiyemjua. Ndani kulikuwa na harufu ya thina na miwani yako, na aliogopa kwamba akifungua itamjia mara moja ile wiki yako yote ya mwisho. Mwaka mzima hatukuligusa.

Jumamosi iliyopita Samiha alikuja kutusaidia kusafisha nyumba kwa ajili ya kisomo cha hitima yako. Chumba kilitakiwa kwa wageni wanawake, na kabati lilikuwa limejaa vumbi. "Mama, tulifungue tu. Mimi nipo," akasema. Wakafungua. Wakayatoa moja moja, wakiyafuta kwa kitambaa chenye maji: Landrova ya shamba, Pijo ya daktari, basi la Lushoto. Wakacheka kidogo, wakalia kidogo. Mwatumu akaanza kujilaumu kwa kuogopa mwaka mzima kitu cha bure.

Mwishoni kabisa likatoka lori la mwanao Yakoub, mfano wa lile analoendesha mwenyewe. Hukulimaliza. Kabini ilikuwa ya buluu upande mmoja tu, upande wa pili bati tupu lenye maandishi ya kopo. Mwatumu akaligeuza kulifuta chini, na hapo mkono wake ukasimama.

Nyuma ya kabini, kwenye chuma cha kushoto cha chesisi, mhimili unaobeba lori zima, palikuwa na mstari mwekundu.

"Brashi imeteleza hiyo, mama," Samiha akasema.

"Samiha mwanangu," Mwatumu akajibu, "babaako mkono wake haujateleza siku hata moja."

Akakaa chini palepale sakafuni. Ile wiki aliyokuwa akiikwepa ikamjia, lakini ilikuja na sura nyingine. Ijumaa ulilipima lori, Yakoub akikucheka kwamba unaharibu kanzu ya sala. Lilikuwa limelala mjini likisubiri mzigo wa Jumatano, na labda ndiyo maana hukuharakisha kumwambia. Jumamosi na Jumapili ulishinda juu ya bati. Jumapili kwenye chakula ulimwambia mkeo, "Yakoub akija Jumanne nina neno naye," naye akadhani unataka kumsema kijana kuhusu sigara. Jumatatu asubuhi kiharusi kikakuangusha. Upande wa kulia ukafa, na ulimi ukafa.

Sasa hili, Baba Yakoub, ndilo tunalokuandikia.

Ulikuwa ukiinua mkono wa kushoto, unakumbuka? Kila aliyeingia ulimwinulia mkono ukaelekeza ukutani. Kabati lako limesimama ukuta wa Kibla. Sisi tulikuwa watu tunaouguza mtu tuliyejua anakwenda, na mtu wa namna hiyo akielekeza Kibla, nani atafikiri jambo jingine? Tukasema mashallah, mzee anataka kuelekezwa. Tukakigeuza kitanda. Yakoub mwenyewe ndiye aliyeshika upande wa miguu. Ukaanza kulia machozi, na wale waliokuwa wakisoma Yasini wakasema ni machozi ya heri. Ukauinua tena. Ukauinua mara nyingi. Mwishowe Mwatumu akaushika mkono wako kwa upole, akaushusha, akaulaza kifuani, akakuambia, "Basi, mume wangu, tumeshakuelekeza. Pumzika."

Aliyakumbuka hayo akiwa sakafuni, gari dogo likiwa mapajani, na hofu iliyomwingia hatuna jina lake. Kwa sababu Yakoub hakuwa nyumbani. Yakoub alikuwa Maramba tangu alfajiri na lori lilelile, akipakia machungwa.

Wakapiga simu. Haipatikani. Wakapiga tena, haipatikani. Kule anakopakia mtandao unakuja na kuondoka, tunajua, tumezoea, lakini siku hiyo kila mara yule mwanamke wa kwenye simu aliposema "haipatikani" Mwatumu alisikia kama anaambiwa habari ya msiba. Samiha akapiga kwa utingo wake, simu imezimwa. Saa ilikuwa nne na nusu. Lori likishajaa huwa linatoka saa tano, na njia ya kuja Muheza ina miteremko ambayo hata likiwa tupu mtu anaisomea dua.

Na hofu ya Mwatumu haikuishia kwenye safari ya siku hiyo. Ilirudi nyuma mwaka mzima. Segera, Dar, Horohoro, mara ngapi? Idi iliyopita Yakoub alimpakia mkewe Najat kwenye kabini, na mjukuu wenu Tuhfa akiwa mapajani mwa mamaake, wakaenda nalo mpaka Pangani, wakarudi wakiimba. Mwatumu aliwafungia maandazi ya njiani kwa mkono wake. Alikuwa akiihesabu kila safari na kila safari ikimtisha upya, ingawa ilishapita salama.

Ndipo akamkumbuka Methusela.

"Shikamoo mzee Methusela."

"Marahaba, shemeji. Hitima si wiki ijayo?"

"Mzee, nimekuta wekundu. Kwenye lori la Yakoub. Chesisi, kushoto, nyuma ya kabini."

Yule mzee hakuuliza wekundu gani. Alisema tu, "Kijana yuko wapi?"

"Maramba. Anakuja na mzigo. Simu haipatikani."

"Nakwenda barabarani," akasema, na simu ikakatika.

Ana miaka sabini na minane na goti moja halikunji. Alichukua kiti cha plastiki, akakiweka katikati ya barabara inayoingia Muheza kutoka Maramba, akakaa. Watu walimpigia honi, walimtukana, mwenye bodaboda mmoja alimuuliza kama amechoka kuishi. Hakuinuka. Wakati huo huku Makorora mkeo alikuwa juu ya mswala, lakini hakuweza kusali. Alisema kila akitaka kuinua mikono aliuona mkono wako. Akabaki amekaa, simu mbele yake, akiogopa ikilia na akiogopa isipolia. Adhuhuri ikaadhiniwa. Saa saba ikapita. Samiha alimletea chai, ikaota utando.

Saa nane kasoro robo simu ikalia. Jina la Yakoub. Mwatumu hakuweza kuishika, Samiha akaifungulia sauti.

"Mama, kuna nini huko? Mzee Methusela kanifungia njia na kiti. Hataki kutoka. Kasema nisisogeze hata futi moja mpaka fundi aje."

"Umesimama?"

"Nimesimama."

"Umeshuka? Yakoub, umeshuka garini?"

"Nimeshuka, mama. Mbona unalia?"

Fundi aliyekuja anaitwa Luqmani, mchomeleaji wa hapo Muheza. Aliingia chini, akakwangua tope na grisi. Akaomba bisibisi. Yakoub anasema alisikia bisibisi ikiingia mahali ambapo bisibisi haina pa kuingia. Chuma kilikuwa kimepasuka kutoka chini kupanda juu, kutu imejaa ndani ya ufa, na kilichobaki kukishikilia hakizidi upana wa kidole gumba. Luqmani akatoka, akajifuta mikono.

"Dereva," akamwambia, "ulikuwa unaendesha magari mawili. Hukujua tu."

Machungwa yalihamishiwa gari jingine hapohapo barabarani. Yakoub alirudi kwa basi. Aliingia nyumbani magharibi, na mamaake akampapasa mabega na mikono na uso kama ulivyokuwa ukipapasa bati kutafuta kibonyeo. Baadaye akamkalisha, akampa lile lori dogo, akamgeuzia chini, akamweleza. Alipofika pale pa mkono, Yakoub aliinuka, akaenda kusimama mbele ya ule ukuta.

"Mimi ndiye niliyeshika miguu," akasema. "Mama, mimi ndiye niliyemgeuza."

Tangu siku hiyo Mwatumu halali vizuri. Ameyageuza magari yote yaliyobaki, moja moja, mchana kweupe na miwani yako machoni, akitafuta mstari mwingine. Hakuuona. Juzi aliyageuza tena. Anaogopa kwamba palikuwa na jambo la pili na la tatu, na kwamba kila mara ulipouinua ule mkono ulikuwa na neno lako, na yeye akaushusha. Tumemwambia hapana. Hatuna hakika.

Mashekhe tumewauliza. Wametuambia anayeelekezwa Kibla hajadhulumiwa, na mtoto amesalimika, tumshukuru Mungu. Tunashukuru, usiku na mchana tunashukuru. Lakini tunakujua. Hukuwa mtu wa kulilia nafsi yako. Siku zile tatu ulikuwa umelala unamwona mwanao anaingia na kutoka, ufunguo wa lori unaning'inia kidoleni, anakubusu paji la uso na kukuambia, "Baba, nakwenda mara moja, narudi." Nawe ndiye pekee uliyejua, na huna ulimi. Tunaogopa hata kufikiri ulivyoogopa.

Ulikuwa unatuomba uhai wa mtoto wetu, Baba Yakoub, nasi tukakujibu kwa Yasini. Tusamehe.

Wanaokukumbuka: mkeo Mwatumu, wanao Yakoub na Samiha, mkaza mwanao Najat, mjukuu wako Tuhfa, nduguyo Masoud aliye Pemba, rafiki yako Methusela wa Muheza, na madereva wote wa Makorora. Mwenyezi Mungu akurehemu na akulaze pema. Hakuna siku itakayopita bila jina lako kutajwa nyumbani humu, na Yakoub, aliye hai, ndiye anayelitaja kwanza.