Wafula, Deki Yako Imekubali

Rafiki yangu Wafula,

Wiki tatu zimepita tangu tukuzike, na bado nimekukasirikia. Nilikuambia uandike wosia. Ukasema karatasi huliwa na panya, afadhali watu wauone mdomo wako ukisema. Basi siku ya maombi ya shukrani, binti yako Nekesa alipohitimu ualimu, ulimwita mpiga video kando ya ghala la mahindi. Ukavua kofia, ukaivaa tena, ukanigeukia: "Mwalimu, nianze?" Nikakuambia uanze. Ukasema shamba la juu ni la Nekesa. Ndugu yako Juma hakuwapo.

Siku ya kunyoa, siku ya tatu baada ya mazishi, ukoo uliketi nyumbani kwako Tongaren, vichwa vikiwa vimekwisha kunyolewa, ili kugawa ulichoacha. Juma alisema msichana hupata shamba kwa mumewe. Nikasimama kueleza nilichokisikia. Wakaniambia nikae, rafiki si ukoo. Ndipo Nekesa akaleta diski tuliyopewa na mpiga video. Tukaunganisha televisheni na deki yako kwenye betri ya gari, kama ulivyozoea wakati wa mpira. Deki ikaizungusha diski, ikakoroma, ikaandika kwamba haioni kitu.

"Si mmeona?" Juma akasema. "Hata mashine imemkataa."

Walicheka, Wafula. Mbele ya mjane wako, walicheka.

Sikunyamaza. Niliomba nipewe hadi Jumamosi iliyofuata. Mzee wa ukoo akakubali, nadhani ili tu niketi.

Mjini Bungoma, mwenye duka mmoja alinirudishia diski baada ya dakika tano. Kumbe alikuwa amelibadilisha jina la faili tu. Video ndani ilikuwa ile ile. Niliporudi nayo kwako, deki ikaikataa tena. Nikaenda Kitale kwa Zuhura, mwenye duka la kompyuta karibu na msikiti, ambaye nilimfundisha darasa la saba. Alinieleza kwamba faili lile lilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta, na deki yako ni ya zamani, inasoma VCD, diski za video za zamani, peke yake. Ilibidi video yenyewe igeuzwe, picha na sauti, kisha ndipo ichomwe, yaani iandikwe, kwenye diski.

"Na tuichome polepole, Mwalimu," alisema. "Deki ya zamani haitaki haraka."

Kazi hiyo ilianza asubuhi ikaisha kwenye adhana ya alasiri. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikiutazama mstari wa kijani ukijivuta. Zuhura aliniuliza kwa nini tusinunue tu mashine mpya. Nikamwambia walicheka mbele ya deki ile, na watanyamaza mbele ya ile ile.

Jumamosi ukatokea. Rangi zilikuwa zimepauka na uso wako ulikuwa na ukungu, lakini sauti ilikuwa yako. Ukavua kofia, ukaivaa. "Mwalimu, nianze?"

Nilijibu, Wafula. Mbele ya ukoo mzima, mimi, mtu mzima, niliijibu televisheni: "Anza." Hakuna aliyecheka.

"Shamba la juu ni la Nekesa," ulisema. "Mwenye swali aniulize mimi."

Mzee wa ukoo akamgeukia Juma. "Haya, huyo hapo. Muulize."

Juma akainuka, akaenda zake.

Nekesa ameshalima shamba la juu. Zuhura alituchomea nakala tatu: moja anayo Nekesa, moja mzee wa ukoo, na moja iko hapa mezani ninapokuandikia. Wako wanaosema deki hiyo itupwe. Haitupwi. Najua zitakuja mashine nyingine, na siku moja diski hii pia itakataliwa. Siku hiyo nitakwenda tena Kitale, nikae tena kwenye kile kiti cha plastiki, ugeuzwe upya. Miguu ikinishinda, nitamtuma Nekesa. Watu watakusikia, wapende wasipende.

Pumzika, ndugu yangu. Lakini ungeandika.

Ni mimi, Mwalimu wako.