Kigari Kilichowashusha Ng'ombe Mlimani

S.L.P. 58,
Kessler Creek,
Montana.
12 Oktoba 2019

Mpendwa mdogo wangu Solveig,

Pokea salamu za dada yako, nyingi hata bahasha inakaribia kupasuka. Hujambo? Magoti yako je, bado yanakulalamikia ukipanda ngazi? Na shemeji Desmond, kifua chake kimetulia? Najua huko Tasmania sasa kondoo wanazaa na mikono yenu haipati nafasi ya kushika kalamu, ndiyo maana sikununa uliponyamaza tangu Agosti. Huku kwetu theluji ya kwanza imekwisha piga hodi, na haikungoja kukaribishwa.

Mimi ni mzima. Nyonga imezoeana na chuma walichonitia mwezi wa Machi, baada ya yule farasi jike kuteleza kwenye barafu akaniangukia. Natembea na bakora. Daktari alinikataza kupanda farasi tena, si mwaka huu tu, bali maisha yangu yote. Siku ile nililia ndani ya gari mpaka vioo vikaingia ukungu, kisha nikajipangusa, nikapitia dukani kununua chumvi ya ng'ombe.

Sasa nikupe habari, maana nimezibana hadi mbavu zinauma.

Aprili, Janelle alikuja kutoka Billings akiwa ameyapanga maneno yake kama wakili. "Mama," akasema, "Baba hayupo tena. Nyonga ndiyo hiyo. Ng'ombe wanapanda mlimani Juni, nani atawafuata? Tuwauze, uje ukae na mimi." Sikumkasirikia, kwa sababu alikuwa akitetemeka midomo. Nikamwomba anipe mpaka ng'ombe washuke. Nikishindwa kuwashusha, auze kila kitu, hata ndoo za maziwa.

Basi nikaanza kutafuta kigari. Si pikipiki ile ya magurudumu manne ya kukalia kama farasi, nyonga haitaki. Nilitaka kile cha kukaa watu sambamba, chenye usukani, mikanda ya viti na vyuma vya kukinga kichwa kikipinduka. Kijana wa duka la mjini akanipeleka moja kwa moja kwenye kimoja chekundu, kina taa kama ukumbi wa harusi. Akanihubiria mwendo kasi. Nikamwuliza, "Mwanangu, mbio hizo nimkimbie nani?" Nilipojaribu kuingia, mguu haukuvuka kizingiti. Habari yake ikaishia hapo.

Nikaenda kwa Ambrose Kiel, yule mzee aliyekuwa akiendesha greda la barabara, ukimkumbuka. Alikuwa na chake cha zamani, rangi ya matope, sakafu yake bapa na iko chini, kiti kirefu cha watu watatu, na nyuma sanduku la chuma linaloinuka kumwaga mzigo. Moyo ulinidunda, lakini uso nikaufunga. Nikaweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa na joto.

"Umeiwasha kabla sijafika," nikamwambia.

"Nimeipasha tu, Bi Thora, isikuaibishe."

"Injini ya moto huficha maradhi. Weka kahawa, tunasubiri ipoe."

Tukanywa kahawa saa nzima. Kisha nikalitikisa kila gurudumu juu na chini nisikie kama beringi zimelegea. Nikachungulia mipira inayofunika viungo vya ekseli, isiwe imepasuka ikala mchanga. Nikachomoa kijiti cha oili kuona kama imekuwa nyeupe kama maziwa, maana hiyo ni dalili ya kuingia maji. Nikainua kiti nikanusa kama mkanda wa injini umeungua. Nikapitisha kidole ndani ya bomba la hewa, nyuma ya chujio, kikatoka safi.

Ambrose akacheka. "Mama wewe! Hata mke wangu sikumchunguza hivi."

"Ndiyo maana alikukimbia."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kigari kikawaka kikiwa baridi, kwa mara ya kwanza, bila moshi. Tukabadilishana: yeye akachukua ile nyumba ya tela tuliyokuwa tukiendea kuvua samaki na marehemu Gordon, mimi nikaondoka na kigari. Tela lilipovutwa kutoka uani sikuliangalia.

Kuanzia siku hiyo, kila Jumamosi asubuhi ilikuwa ya kigari. Chujio la hewa nalikung'uta vumbi, likichakaa nalitupa. Viungo vyote natia grisi. Upepo wa matairi napima. Na nyasi kavu zinazojikunja kando ya bomba la moshi nazing'oa kwa mkono, kwa sababu kigari kimoja kule bonde la pili kiliwaka moto kwa nyasi hizo hizo, kikabaki mifupa. Nikipanda mlima au nikibeba mzigo, natumia gia ya chini, nisiuchome mkanda unaozungusha magurudumu.

Jirani yetu Wendell Pruitt aliyafanya haya mzaha. Yeye amenunua kipya, kinang'aa, na hakipeleki kwa fundi mpaka kilie. Akiniona na kofia ngumu na mkanda wa kiti ananipigia kelele toka kwenye uzio, "Bi Thora, unakwenda mwezini?" Namjibu, "Nikifika nitakuletea akili!"

Kila Jumatano nilipanda malishoni na chumvi na pumba, napiga honi mara tatu ndipo namwaga. Mwanzoni ng'ombe walinikodolea macho tu. Kufikia Julai, ng'ombe wa Wendell nao, ambao hulishwa kwenye mlima huo huo, wakawa wanakuja mbio.

Tarehe 27 Septemba redio ikatangaza theluji ya kufika magotini huko juu, kabla ya jioni ya kesho yake. Ng'ombe wetu thelathini na wanane walikuwa malisho ya juu, na ndama wao. Wapanda farasi wote wa bonde walikuwa wanahangaika na mifugo yao. Kulipokucha Janelle akafika kunizuia. Akasimama mbele ya kigari, mikono kiunoni.

"Mama, huendi."

"Basi panda, unizuie tukiwa njiani."

Akapanda mwanangu, hasira zake zote ubavuni.

Wendell alitupita kwenye mwinuko wa kwanza, kasi, gia ya juu, nyuma amejaza marobota ya majani. Theluji ilianza kuanguka. Mwinuko wa tatu tukamkuta amesimama kando ya njia, moshi unafuka chini ya kiti, harufu ya mpira ulioungua. Mkanda umekatika, na hana wa akiba. Sikumcheka, Solveig. Uso wake ulikuwa umekwisha kabisa, maana ng'ombe wake hamsini walikuwa huko huko. Tukahamishia majani yake kwangu, naye akajibana kwenye kiti, Janelle katikati.

Juu hatukuona kitu. Weupe mtupu. Wendell akanong'ona, "Wamekwisha tawanyika. Hata farasi kumi hawatoshi."

Nikapiga honi mara tatu. Kimya. Nikapiga tena. Halafu ukasikika mlio mmoja kutoka msituni, wa pili, na miti ikaanza kutoa ng'ombe. Wetu, wake, ndama, wote wanakuja mbio, theluji migongoni kama wamejifunika mashuka! Janelle akanishika mkono.

Tukashuka taratibu, Wendell amekaa nyuma akimwaga majani machache machache, na ule msafara ukatufuata mmoja nyuma ya mwingine. Kwenye mteremko wa juu ya kijito kigari kikaanza kuteleza upande. Janelle akapiga yowe. Mguu wangu ulitaka kukanyaga breki, nikaukatalia. Nikaelekeza magurudumu chini moja kwa moja, gia ya chini ikauma, injini ikatushika. Tulipofika tambarare nilikuwa nimelowa jasho, katika baridi ile.

Langoni Janelle alihesabu kwa sauti. Alipofika thelathini na wanane akapiga kofi juu ya lango. Hamsini wa Wendell nao walitimia. Wendell alivua kofia yake, akasimama mbele yangu kama yuko kanisani. "Bi Thora," akasema, "nifundishe hayo mambo ya Jumamosi." Kesho kutwa yake nilikivuta kigari chake mpaka mjini kwa cheni, nikapita polepole, polepole sana, mbele ya mkahawa wakati wa chakula cha mchana. Watu walitoka na vijiko mikononi. Mungu anisamehe, nilipiga honi.

Lakini furaha yenyewe ni hii. Jumatatu Janelle aliniomba twende ofisi wanakoandikisha chapa za mifugo, zile alama za mwenye ng'ombe. Nilidhani anataka fomu za kuuza. Alikwenda dirishani akaomba jina lake liandikwe chini ya langu, kwenye chapa ya baba yake. Yule karani akamwuliza kazi yake ni nini. Akasema, "Mfugaji."

Nisalimie sana shemeji Desmond, Annika na mapacha wake, na wifi yako Maureen. Janelle anakusalimu, na Ambrose pia, anasema tela halivuji. Mungu awalinde ninyi na kondoo wenu, awape mvua ya kiasi na usingizi wa kutosha.

Ni mimi dada yako nikupendaye, karibu au mbali,

Thora