Kigodoro cha Mishkaki

Amerat, Maskati
8 Oktoba 2024

Dada yangu Shaikha,

Assalamu alaykum. Nnakuandikia asubuhi, chai iko mbele yangu na magoti leo yamenipa nafasi kidogo. Wewe je? Mwanao Mazoon kanambia ulikuwa na homa. Naomba unieleze imekwenda au ipo, usinijibu "mzima" tu kama ada yako. Mwanangu Badr na mkewe Bashayer wanakusalimu sana.

Barua yako nimeisoma na kuirejea. Kwa masikio yako hayo simu haitusaidii tena, lakini huyu Mazoon wako kupiga picha karatasi na kunitumia kafanya jambo kubwa. Nnauona mwandiko wako vile vile. Unasema nije nikae nawe Mkunazini, chumba cha juu kiwe changu, na Ramadhani hii tufunge nyumba moja kama tulivokuwa kabla sijahamia huku. Jawabu langu ni ndio. Tangu mke wangu Nasriya afariki, nyumba hii inanipwaya.

Ila kuna mbwa. Unamkumbuka Mishkaki? Nasriya alimwokota angali kitoto nyuma ya wale wachoma mishkaki wa barabarani, ndo akampa jina hilo. Uhai wote wa marehemu alikaa uani. Sikukwambia kuwa siku hizi analala chumbani kwangu, na kusema kweli analala juu ya kitanda, miguuni. Najua utakalosema. Nguo zangu za kusalia ziko chumba chengine na huko haingii.

Badr yuko radhi kumchukua. Nyumba yao ya Bustan ina ua na baraza. Sharti lake ni kuwa alale pake, nje, na asilie, maana wana watoto wadogo na majirani. Kwa hivyo kabla sijaja nimfunze kwanza kulala pahala pake. Halitokuwa jambo refu.

Mdogo wako,
Amur


Mkunazini, Unguja
17 Oktoba 2024

Mdogo wangu Amur,

Wa alaykumu ssalaam. Homa imekwenda, imeniachia uchovu tu. Nnakula, nnasali, na nnagombana na Mazoon kila siku, basi ujue nipo. Na wewe hayo magoti yapake mafuta ya nazi ya moto, usiyaachie hivo hivo.

Nimecheka mpaka Mazoon akatoka jikoni kuja kunitazama. Wewe uliyekuwa ukimwona mbwa wa yule Mgoa jirani yetu unapanda baraza za watu, leo unalala naye kitanda kimoja. Baada ya kucheka nikakasirika, na baada ya kukasirika nikaona haina maana. Umekaa peke yako muda mrefu.

Mimi wanangu wote niliwatoa kitandani kwangu, na aliyenisumbua kupita wote ni huyu Mazoon, ambaye leo anasomesha watoto wa watu adabu. Nnakwambia nilivofanya. Mpe pahala pake na usipabadilishe. Mtandikie nguo yako kuukuu ambayo haijafuliwa, apate harufu yako. Akija kwako mrejeshe, usimgombeze wala usimbembeleze. Usiseme naye kabisa, kwani akishakusikia sauti kapata alichokifuata. Na wewe usichoke kabla yake.

Chumba chako kishapakwa chokaa na dirisha la upande wa msikiti limetengenezwa. Kitanda changu mimi nimekiteremsha chini ukumbini, huko juu kuna joto. Sitaki maswali.

Dadako,
Shaikha


Amerat
9 Novemba 2024

Dada yangu Shaikha,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii inakukuta umekaa mkao mwema na uchovu umepungua. Mafuta ya nazi nimepaka. Yanasaidia, ila nnanuka kama kitumbua.

Nilikwenda Matrah, kule vichochoroni nyuma ya soko kuna Mbaluchi anashona magodoro. Nikamwambia nataka kigodoro kidogo. Akaniuliza mtoto ana umri gani. Nikaona haya kumwambia ni wa mbwa, nikajibu miaka saba. Akanitilia pamba nyingi, kanambia mtoto wa umri huo mifupa yake inakua.

Nikatandika juu yake dishdasha yangu, kanzu ya zamani ambayo haijafuliwa. Bashayer naye alinambia nikiweke kwanza ubavuni mwa kitanda changu, kila baada ya siku chache nikisogeze kidogo kuelekea mlangoni, na nimpe kipande cha kuku kila akilala mwenyewe bila ya kuambiwa. Mwanzo ilikuwa tabu. Akilala pale vizuri, ananitazama, nikizima taa nasikia kucha zake sakafuni, mara uzito uko miguuni kwangu. Nikishuka nikimrejesha, kimya kama ulivosema. Anapanda tena. Hivo hivo mpaka adhana.

Halafu akaelewa. Kigodoro kikafika mlangoni, kikatoka mpaka kwenye ujia, naye akalala huko mpaka asubuhi. Nikampa kuku mzima. Lakini akashikwa na kikohozi, nikamrejesha ndani karibu yangu. Sasa itabidi tuanze upya. Nadhani Januari itakuwa bora kwa safari kuliko mwezi ujao.

Dada, unasema juu kuna joto. Mazoon kamwandikia Bashayer kuwa vuli imewanyeshea sana na usiku mnajifunika mablangeti. Kwa nini umehamia chini?

Mdogo wako,
Amur


Mkunazini
1 Desemba 2024

Mdogo wangu Amur,

Salamu nyingi kwako, kwa Badr, na kwa Bashayer na watoto. Usishtuke, mwandiko ni wa Mazoon lakini maneno ni yangu. Mkono wangu unatetemeka na sitaki usome makorokoro.

Umeuliza, basi nnakujibu. Daktari kasema moyo wangu umechoka. Miguu inajaa maji, ngazi siziwezi tena. Nnapewa dawa. Sikukwambia kwa sababu sikutaka uje kwa kukimbizwa na khofu. Nilitaka uje kwa kuwa umetaka kuja.

Kikohozi cha mbwa nimekisoma. Kabla yake, nilipokuita mara za nyuma, ulinambia joto la huku, na kabla ya joto ulinambia paa la nyumba yako. Sikulaumu, Amur. Nnakuuliza kama dadako, na unijibu kweli: mbwa ndiye hawezi kulala peke yake, au wewe?

Dadako,
Shaikha


Amerat
4 Desemba 2024

Dada yangu Shaikha,

Assalamu alaykum. Allah akupe afya, akuondolee uzito wa kifua na miguu. Nimeisoma barua yako nimekaa ndani ya gari nje ya duka la mikate, na sikushuka tena kununua mkate.

Ni mimi.

Nasriya alikuwa akikoroma, kidogo, kama mtu anayepuliza chai, na mpaka anakufa alikataa kuwa anakoroma. Siku zile za matanga nyumba ilijaa watu, sikuhisi kitu. Waliposhamaliza kuondoka, Badr naye nikamrejesha kwake kwa nguvu, nikalala. Chumba kilikuwa kimya mpaka nikasikia damu masikioni. Nikawasha taa, nikaiacha. Zikapita siku nyingi hivo, nalala adhuhuri kwenye kiti, usiku macho. Sikumwambia mtu. Utamwambia nani, mtu mzima kama mimi, kuwa unaogopa chumba chako?

Siku moja Mishkaki akakwaruza mlango wa jikoni. Nikamfungulia. Akanifuata mpaka chumbani, akajilaza kwenye zulia, akaanza kupumua kwa nguvu kama wanavopumua. Nikapata usingizi. Ndivo ilivoanza.

Na alipolala kule kwenye ujia, yeye alilala vizuri. Mimi ndiye niliyekaa macho kumsikiliza. Kikohozi kilikuwepo, lakini kilikuwa kidogo sana. Mimi ndiye niliyemwita.

Nipe muda mdogo tu. Nnakuja.

Mdogo wako,
Amur


Mkunazini
12 Desemba 2024

Amur mdogo wangu,

Salamu zangu zikupate, na zimpate na huyo mwenzio wa usingizi. Miguu imeshuka kidogo, leo nimekaa barazani na watu wamenisalimu mpaka nimechoka kuitikia.

Barua yako Mazoon alinisomea polepole. Nami niliogopa chumba changu alipokufa mume wangu. Nilikuwa na Mazoon, nikamwambia anikande miguu, mpaka nikasinzia. Miguu haikuwa ikiniuma.

Mlete. Nimefikiri na nimeamua. Uani kuna kile kibanda cha kuni, hatupikii kuni tena. Atakaa huko, na wewe dirisha lako litakuwa juu yake, utamsikia. Majirani watasema, na wakishasema watanyamaza. Mimi sitomgusa, lakini sitomfukuza. Njoo naye.

Dadako,
Shaikha


Bustan, Maskati
30 Januari 2025

Dada yangu Shaikha,

Assalamu alaykum. Mwezi na zaidi sijauona mwandiko wako wala wa Mazoon. Kila nikiuliza, Mazoon anajibu kwa maneno mawili, kuwa uko vile vile. Naomba uwe vile vile kwa wema.

Kumleta Mishkaki nilihangaikia. Daktari wa wanyama kanambia apimwe damu, majibu yasubiriwe, zitafutwe ruhusa za huku na za huko. Haiwezekani kabla ya katikati ya mwaka. Nilikaa na habari hiyo siku mbili, nikaona nisikungojeshe mpaka huko. Basi nikachukua kigodoro chake, nikamtia ndani ya gari, tukavuka mlima tukaja huku kwa Badr.

Nikakiweka barazani, pembeni, pasipopigwa na upepo wa bahari. Mwanzo nililala naye hapo hapo, mimi kwenye kitanda cha kukunja, wajukuu wakinicheka. Halafu nikahamia sebuleni, mlango wazi. Halafu mlango ukafungwa. Alilia. Badr alitaka kutoka kumtazama, nikamzuia, nikakaa nyuma ya mlango na mkono juu ya kitasa mpaka akanyamaza. Tulirudia hivo wiki nzima. Sasa jua likishazama anakwenda mwenyewe, anazunguka, anajilaza. Juzi nililala Amerat peke yangu. Niliwasha taa, lakini nililala. Badr kanipigia asubuhi kanambia mbwa hakutoa sauti.

Tiketi nimekata. Alkhamisi, tarehe ishirini Februari, nitakuwa kwako mchana, na Ramadhani itatukuta pamoja inshallah. Unitajie unachokitaka kutoka huku. Halua nimeshaagiza.

Mdogo wako,
Amur


Mkunazini
13 Februari 2025

Mjomba wangu Amur,

Assalamu alaykum. Badr keshakwambia. Nilimpigia yeye kwanza ili asikuache peke yako wakati wa kuisikia habari hii. Sasa nakuandikia kwa kuwa naona nawe utataka kujua ilivokuwa.

Mama alikuwa hajiwezi tangu mwanzo wa Januari. Alinikataza nisikuandikie; alisema umeshika njia ya kuja, nisikuharakishe. Nimemtii, na sijui kama nilifanya vizuri. Unisamehe.

Barua yako ya mwisho nilimsomea mara mbili, nikimsemea sikioni. Nilipofika pale pa tiketi nikamwambia, "Mama, keshajifunza kulala peke yake."

Akaniuliza, "Nani, mbwa au Amur?"

Nikamwambia wote wawili. Akacheka, kile kicheko chake cha puani. Alitaka chumba chako kifunguliwe madirisha kiingie hewa, nikapanda kufungua. Siku zilizofuata alizungumza kidogo tu. Jumatatu baada ya alasiri nilikuwa nimemshika mkono, akavuta pumzi, na nyengine haikuja. Tumemzika asubuhi yake, karibu na baba.

Mjomba, ukiona safari haina maana tena, hapana atakayekulaumu. Ukija, nyumba ni yako.

Mwanao,
Mazoon


Amerat
16 Februari 2025

Mwanangu Mazoon,

Wa alaykumu ssalaam. Allah amrehemu mamako, amtanulie kaburi lake, na wewe akupe subira. Unakula? Nakuuliza kwa sababu yeye angeuliza. Usijilaumu kwa kunyamaza. Dada yangu akishaamua jambo, mimi mwenyewe sikupata kumshinda hata mara moja.

Badr alikuja kunichukua siku ile, akanipeleka kwao Bustan. Mishkaki aliniinukia, akaninusa mikono, akaniegemea miguuni. Nilikaa naye barazani mpaka watu wote wakaingia ndani. Nikaona siwezi kulala na majonzi yangu kwenye nyumba ya watoto, wala siwezi kurudi kwangu bila ya kitu kinachopumua. Nikafungua mlango wa gari, nikamwita.

Alikuja mpaka getini. Akasimama, akanitazama. Halafu akageuka, akarudi kwenye kigodoro chake, akazunguka, akajilaza uso ukutani.

Badr akanambia, "Baba, nimbebe nikutilie garini?"

Nikamwambia, "Mwache. Pahala pake ni pale."

Nikaendesha mpaka nyumbani. Taa sikuizima, na usingizi sikuupata, lakini nilikaa ndani ya chumba changu mpaka asubuhi, nikimsomea mamako Qurani.

Nnakuja Alkhamisi, kwa tiketi ile ile. Chumba cha juu kifunge, mwanangu, sitokaa huko. Nitandikie chini, pahala popote ambapo nitasikia kuwa wamo watu ndani ya nyumba.

Mjomba wako,
Amur