Kengele Waliyoisikia Vijana Wangu

Karakana ya Makochi,
Nyuma ya Soko la Nguo.
Jumapili, 9 Juni.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Usinijibu "halijambo" kama ulivyomjibu daktari huku umeshikilia ukuta. Huku tu wazima. Mkwe wako anakohoa kidogo kwa vumbi la pamba, lakini sauti ya kunigombeza haijapungua hata chembe.

Nilikudokeza kwamba nimepokea vijana watatu waliotoka jela ya watoto, niwafunze ufundi na kuwa mlezi wao mpaka wasimame wenyewe. Majirani walisema nimejipalia makaa. Mkubwa tunamwita Kobe, kwa kuwa haharakishwi. Wengine ni Mluzi na Bosi, pacha wa shida, si wa tumbo. Wana adabu kupita kiasi. Huomba ruhusa hata ya kunywa maji, na hilo ndilo lililoanza kunitisha.

Kisha ikaja habari ya kengele. Mchana wa jua kali, katikati ya kazi, wote waliweka nyundo chini kwa pamoja, wakajipanga ukutani, mikono nyuma. Bosi akasema, "Nipo." Mluzi, "Nipo." Kikapita kimya, ndipo Kobe naye, "Nipo." Wakarudi kazini kana kwamba hakuna lililotokea.

Niliuliza kulikoni. "Si kengele imelia, fundi," Kobe akanijibu, akinishangaa mimi. Shangazi, jela ile iko ng'ambo ya mji. Hata wakipiga mzinga huko, hapa husikii.

Ikawa kila siku. Nikaja kugundua kwamba kati ya Mluzi na Kobe wanaacha nafasi, upana wa mtu mwembamba. Kile kimya kilikuwa zamu ya mtu.

Nikajiambia ni mazoea tu, na mazoea yana taabu. Mpaka Alhamisi moja, nashona kiti, mgongo nimewapa. Nikasikia, "Nipo." "Nipo." "Nipo." "Nipo." Ile ya tatu ilikuwa nyembamba, imekauka, kama ya mtu mwenye homa. Nilipogeuka walikuwa watatu tu, na Bosi machozi yanamtiririka bila kilio. Sindano ilikuwa imenichoma kidole, sina habari.

Ndipo Kobe akafunguka. Walikuwa wanne. Wa nne alikuwa Kijiti, mtoto asiye na ndugu wa kumtembelea. Aliugua siku yao ya kutoka ikikaribia, akafa, akazikwa palepale nyuma ya ukuta. "Hakuna aliyemwambia ameachiliwa, fundi. Bado anahesabiwa."

Mluzi akaongeza, macho chini, kwamba wamekuwa wakishauriana. Labda ni heri wafanye kosa lolote warudishwe, wasimwache peke yake.

Hapo niliweka sindano chini. Aliyekwenda kaenda, Shangazi, lakini hawa watatu walikuwa wanaponyoka mikononi mwangu hivihivi nikiwatazama.

Kesho yake asubuhi tukaenda sote kule jela. Askari wa langoni, mtu wa makamo, aliwatambua akakunja uso. "Mmefanya nini tena?" Nikamwambia hawajafanya kitu, tumekuja kumchukua mwenzao. Akauliza yupi. Nikamtaja.

Hakucheka. Akaniuliza polepole, "Kumbe nanyi mnamsikia?"

Nikasimama mbele ya lango nikaita, kama ulivyokuwa ukituita sisi kutoka michezoni. "Kijiti, mwanangu! Muda wako umekwisha. Toka, twende zetu."

Askari akafungua lango dogo. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Tukangoja. Mara yule askari akarudi nyuma hatua moja, kama umpishavyo mtu mlangoni, akavua kofia.

Tulirudi kwa miguu. Tangu siku ile kengele haijalia. Jana Kobe alichelewa kazini, na nilipomgombeza akanijibu jeuri. Nusura nimkumbatie.

Nina ombi moja. Katika sala zako, mtaje Kijiti. Hana mwingine wa kumtaja.

Wasalimie binamu zangu, hasa yule fundi saa anayechelewa kila mahali. Mkwe wako anakubusu mikono, na vijana wanakuamkia ingawa hamjaonana. Mungu akulinde uingiapo na utokapo.

Ni mimi nikupendaye,
mwana wa kaka yako.