Baba Anangoja Neno Lako, Shangazi

Makomeno, Lubumbashi
Tarehe 12 Oktoba 2025

Mpendwa Shangazi Rabia,

Asalaam aleikum. Uhali gani, na magoti je? Samaki wa Pweto wanakauka vizuri, au mvua imeanza kukuchokoza? Sisi tunapumua, ingawa nyumba haijatulia. Simu yako haipatikani wiki nzima, ndiyo maana nakuandikia na kumpa Zakari mkononi. Lori lake linatoka kesho.

Habari ni za mdogo wako, Baba. Kansa yake ilianzia kwenye utumbo wa mwisho, karibu kabisa na njia ya haja kubwa, na damu iliyokuwa ikimtoka chooni aliificha mwaka mzima. Mficha maradhi, Shangazi, unajua mwenyewe. Sasa imepeleka mbegu mbili kwenye ini.

Unanijua kwa kuuliza. Nilimwuliza Daktari Numbi, mpasuaji wake, kwa nini anataka kuanza na ini wakati ugonjwa ulianzia chini. Akanichorea kwenye karatasi. Zile za ini zimesinyaa kwa dawa za mshipani, na zikiachwa zikakua tena huenda zisikatike. Ya chini inaweza kungoja wiki kadhaa. Tena akasema ini likikatwa kipande, lililobaki hukua lenyewe likajaza. Nilimrudishia swali hilo mara tatu. Bado linanishangaza.

Baba naye, mchinjaji wa maisha yote, alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu dawa zianze.

"Miye nilikataka maini miaka makumi ine, lakini hakuna mbuzi hata moya yenye ilibakia muzima juu ya kunionyesha."

Hata daktari alicheka. Nikadhani yamekwisha.

Kumbe kisu hakikuwa shida. Upasuaji wa pili, ule wa chini, utamwachia mfuko tumboni wa kupokea choo, pengine kwa siku zake zote. Aliposikia hivyo akakataa vyote viwili, na ini pia. Ataswalije na uchafu ubavuni? Imamu alikuja nyumbani akamweleza kwamba huo ni udhuru: atatawadha kwa kila swala, na swala yake itafaa. Baba akamshukuru, akamkaribisha chai, akabaki na lake. Nilikasirika, nikalia, wala hakunitazama.

Jana tu ndipo nilipomwuliza, basi, ni nani angemwamini.

"Yaya Rabia njo alinifundisha kunawa. Yeye akisema inafaa, banikate."

Akanisimulia birika la kutawadhia lililovunjika mdomo, na jinsi wewe, dada yake mkubwa, ulivyokuwa ukimchapa kisigino kilichobaki kikavu. Ni kweli alikuwa na miaka sita tu? Natamani kujua.

Daktari ametupa Jumanne, tarehe 21, na ameonya tusisogeze tena. Zakari anarudi Ijumaa. Sema maneno yako ayarekodi kwenye simu yake, kwa sauti yako mwenyewe. Siyo ya upole, Shangazi, ile ya zamani.

Msalimie Kiki na wanawe, na Mwajuma wa sokoni. Mungu ayatie nguvu magoti yako, atukutanishe sote tukiwa wazima.

Nimeshanunua birika jipya. Mfundishe mara ya pili.

Ni mimi, binti yenu akupendaye,
Ramla