Mikono ya Mayu

Mafinga, Jumatatu

Kaka yangu mpendwa Nkuba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba ng'ombe wanapata maji huko Usangu. Sisi huku tupo, baridi ni kali, na mimi bado ni karani kwenye ghala la mbao. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unakata kila ninapomtaja mayu, mama yetu.

Nianze na mwanangu Minza. Anaendelea vizuri. Unakumbuka alivyokuwa Krismasi, mashavu yanatoka maji, anajikuna mpaka damu. Mayu alipokuja kutusaidia, kila jioni baada ya kumwogesha alinyoosha miguu, akamlaza mapajani na kumpaka samli aliyotoka nayo nyumbani. Mtoto alikuwa anacheka. Asubuhi tunamkuta amevimba. Mke wangu Tekla alivumilia, kisha siku moja akasema kwa sauti ya chini kwamba labda bibi apumzike kumshika. Majirani wakamalizia yale ambayo yeye hakuyasema, kwamba mikono ya bibi ina uchawi. Mayu aliyasikia bombani. Alifunga mzigo wake akaondoka kabla sijarudi kutoka kazini. Maneno yalifika kwenu kabla yake, na tangu hapo analala peke yake kule mwisho wa shamba, na wajukuu wamekatazwa kumkaribia.

Tulimpeleka Minza hospitali Mbeya. Daktari, mama mmoja mpole, alipangusa ngozi ya mtoto kwa pamba, akapangusa na ndani ya pua zetu, mimi na Tekla. Majibu yalipotoka alituketisha. Alisema chini ya ngozi ya kila mtu kuna chembe za kinga zilizojaa kemikali za mwasho na uvimbe, na kwa watoto wenye mzio kama Minza ni nyepesi kushtuka. Bakteria wamejaa kwenye ngozi yake iliyopasuka. Wanatoa sumu, sumu inazigusa chembe zile, nazo zinamwaga kila kitu kwa wakati mmoja. Mtoto anajikuna, ngozi inapasuka zaidi, bakteria wanaongezeka. Kusugua kunapasha ngozi joto, ndiyo maana mwasho ulizidi baada ya kupakwa.

Tekla aliuliza kuhusu mikono ya bibi. Daktari akamuuliza ugonjwa ulianza lini. Tukasema kabla bibi hajaja. "Basi bibi amekosa nini?" alisema.

Tekla alilia njia nzima. Tulipofika alimpigia mayu kuomba msamaha. Mayu alimshukuru, akamwita "mwanangu", akauliza habari za wazazi wake. Halafu akasema, "Msimlete mtoto huku. Nisije nikammaliza." Kaka, mama yetu ameamini. Wamemwambia hivyo mpaka sasa anaogopa mikono yake mwenyewe.

Nimesikia kwamba Jumamosi ukoo unakaa kuamua kama ahamishwe. Naujua mkutano wa namna hiyo, ndiyo maana naandika linalofuata. Pua ya Tekla ilikuwa safi. Yangu ilikuwa na bakteria wale wale waliokuwa kwenye mashavu ya Minza. Daktari alisema watu wengi wazima wanao bila kujua, si kosa, na hakuna anayeweza kuapa kwamba walitoka kwangu. Amenipa dawa ya kupaka puani. Lakini mimi ndiye ninayerudi kutoka kazini na kumbeba Minza mpaka analala, shavu lake usoni pangu. Siku zote hizo tulikuwa tunamwangalia mayu.

Naomba uisome barua hii mbele ya kikao, yote, bila kuruka hapo. Kama wazee hawawezi kutawanyika bila kumtaja mtu, wanitaje mimi.

Ijumaa nitashuka huko na Minza. Naogopa, sikufichi. Nitamweka mapajani mwa mayu mbele yenu wote. Ninachokiogopa zaidi ni kwamba ataficha mikono yake nyuma, na mtoto atakaa pale akimsubiri.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Tekla anawasalimu kwa heshima. Mwambie mayu tunakuja, hata akikataa.

Ni mimi mdogo wako,
Seni