Kila Siku, Karibu Wagonjwa Wote

Jumatatu, 2 Juni 2025

Upepo tangu asubuhi. Vumbi mpaka ndani ya droo.

Mkataba wangu na wakala wa Kanada unaisha mwezi huu. Walitaka madaktari bingwa watatu kwa ajili ya hospitali yao ya mkoa, mji mdogo wa pwani ambao jina lake bado linanipiga chenga kulitamka. Wawili wameshapita, wa mifupa na wa watoto. Wa tatu ni Dokta Priska, bingwa wa usingizi. Naye akipita, naongezewa mwaka. Asipopita, narudi kuwachapia wanafunzi tasnifu zao!

Usaili wake ulikuwa leo saa tisa, kwa video. Nawapenda hawa watu kwa jambo moja: wametofautiana nasi saa sita kamili. Wakiandika 9 ya asubuhi kwao, kwetu ni saa tisa alasiri. Hakuna kujumlisha wala kutoa.

Shida ni hapa Kizota. Ofisi yangu iko juu ya karakana. Nilishuka kumwomba Uwesu, fundi wa mageti, azime grinda kwa saa moja. Akasema geti la mteja linatakiwa leo. Nikamwambia na daktari wangu anatakiwa leo. Kacheka, kazima.

Dokta alijibu vizuri mno. Walimuuliza kwa nini anataka kuondoka. Sikumfundisha jibu hilo. Alisema yuko peke yake hospitalini mwaka wa saba sasa, na siku ya kumzika baba yake alipigiwa simu mara nne akiwa makaburini. Ya nne akaondoka, mchanga ukiwa bado unatupwa.

Jumanne, 3 Juni

Kliniki na mama. Goita yake imekua, sasa inabana koo. Mwanamke aliyekuwa akipaza sauti soko la Kibaigwa mpaka madereva wa malori wanageuka — leo ananong'ona! Miaka thelathini ya udalali wa mahindi, na sauti imeisha kabla ya yeye mwenyewe kuisha.

Daktari wa upasuaji kampangia Jumanne ijayo, tarehe 10. Kasema wazi: njia ya hewa imepinda, bila bingwa wa usingizi hataigusa shingo ile. Wasaidizi wapo na wanajitahidi, lakini kwa shingo ile, hapana.

Na bingwa wa usingizi ni mmoja.

Sitajifanya hapa kwamba sikujua. Nilijua tangu Machi, siku nilipompelekea Dokta Priska fomu. Ila kundi lao linasafiri tarehe 20, mama anafanyiwa tarehe 10. Siku kumi katikati. Nikajiona nimebahatika.

Mama kamwuliza daktari kama hawezi kupunguza, iwe wiki hii. Anabishania tarehe kama bei ya gunia.

Alhamisi, 5 Juni

Simu kutoka hospitalini. Basi limepinduka barabara ya Singida, ICU imejaa. Waliopangiwa wiki ijayo wasogezwe. Mama: tarehe 24.

Dokta atakuwa ameondoka siku nne kabla.

Nimeuliza Dar es Salaam. Huko foleni ni mpaka Septemba. Jana usingizini mama alikuwa anakoroma kama anayenyongwa. Septemba ni mbali.

Ijumaa, 6 Juni

Barua pepe kutoka kwa Bi. Carol wa wakala. Nimeisoma mara tatu.

Faili la Dokta Priska limesimamishwa. Sababu ni swali la kumi na nne kwenye fomu. Waliuliza: mwaka uliopita, ni mara ngapi ulilazimika kumwambia mgonjwa au ndugu zake sori? Dokta kajaza kwa mkono wake: Kila siku, karibu wagonjwa wote.

Basi! Kamati yao imeshtuka. Bi. Carol anasema hawajawahi kuona daktari anayekiri makosa kila siku, kwa karibu kila mgonjwa.

Nilicheka peke yangu mpaka machozi. Halafu nikaacha kucheka.

Kwao sori inasemwa na aliyekosea. Sisi tulifundishwa shuleni kwamba pole ni sori, tukaondoka nayo hivyo hivyo. Tunampa pole aliyejikwaa, aliyekohoa, aliyetoka kazini, aliyenyeshewa. Nani alimkosea aliyenyeshewa? Na mtu amelala kitandani, Dokta aje amdunge sindano ya mgongo asimwambie pole? Angeonekana mnyama.

Na fomu ile niliikagua mimi. Nilisoma swali la kumi na nne, nikasoma jibu, nikasema moyoni: huyu ana utu. Nikagonga tuma!

Utaratibu: mwombaji haambiwi mpaka kamati iamue. Mratibu, yaani mimi, natakiwa kuandika maelezo. Mwisho Alhamisi tarehe 12, saa tisa. Nisipoandika, faili linafungwa.

Jumamosi, 7 Juni

Idd. Karakana kimya, Uwesu kaniletea pilau la mkewe ndani ya bakuli la plastiki. Siku nzuri ya kuandika.

Nimeandika. Ukurasa mmoja tu. Nimeeleza pole ni nini. Nimetoa mifano — aliyenyeshewa nimemweka. Nimeandika kwamba Dokta Priska Mahelela hana shauri hata moja la uzembe katika miaka kumi na mbili ya kazi, na kwamba kosa la kutafsiri ni letu sote, mimi wa kwanza. Ni barua nzuri. Mtu yeyote akiisoma ataelewa, na Dokta atapita.

Sijaituma.

Nilijiambia ni sikukuu, hakuna atakayeisoma. Uongo. Kwao leo ni Jumamosi ya kawaida, na barua pepe haina sikukuu.

Jumapili, 8 Juni

Sikusikia mahubiri. Nilikuwa napiga hesabu tarehe 20 na tarehe 24, kana kwamba zitasogeleana nikizitazama sana.

Nikitoka kanisani Dokta Priska kanitumia picha. Yuko mtumbani, kavaa koti la baridi, la bluu, linafika magotini. Anauliza: Dada Devota, hili litatosha kwa Kanada au nitaganda?

Nikajibu: litatosha, dokta. Limekupendeza.

Limempendeza kweli. Hata hilo linaniuma.

Jumatatu, 9 Juni

Dokta kapiga simu saa nne. Wamejibu? Nikasema bado. Akasema pengine wana kazi nyingi. Akaniomba msamaha kwa kunisumbua!

Kwa hiyo sasa si kuchelewa tena. Ni kudanganya. Afadhali niliite jina lake.

Najitetea hivi: mkoa mzima una mmoja, na mimi ndiye ninayemwondoa. Utetezi mzuri sana, ila nilikuwa wapi nao mwezi Machi? Machi mama alikuwa bado anapaza sauti.

Jumanne, 10 Juni

Dokta Priska kaja ofisini mwenyewe. Nikajua ameshajua.

Kumbe la! Kaona jina la mama kwenye orodha ya waliosogezwa, akampigia simu kumwuliza anatoka wapi na binti yake ni nani, mama akanitaja. Kakasirika kweli kweli. Kwa nini sikumwambia? Miezi mitatu tunazungumza karibu kila siku, anajua mpaka chapa ya chai ninayokunywa, na sikumwambia nina mama mwenye shingo ile?

Nikasema sikutaka kumbebesha mzigo wangu.

Kasema kitanda kimoja cha ICU kinapatikana Alhamisi. Alikuwa na mapumziko siku hiyo, kayafuta. Kazungumza na daktari wa upasuaji, kakubali. Akasema kama safari ipo, hawezi kupanda ndege amemwacha mama wa Devota hivi.

Kama safari ipo. Akaniangalia. Nikainuka kufunga dirisha, vumbi.

Alipoondoka Uwesu kapanda kuuliza kama kuna msiba. Nikamwambia ni macho tu, vumbi. Hata yeye nimemdanganya.

Jumatano, 11 Juni

Mama kalazwa. Dokta kaja kumpima koo. Mama kamwamkia kwa Kigogo, mbukwenyi, Dokta ambaye ni Mhehe kaitikia vizuri kuliko mimi. Akamwagiza asile tangu saa nne usiku. Mama kamwambia amekaa na njaa miaka mingi ya ukame kuliko umri wa Dokta, hilo asimfundishe. Wakacheka wote wawili, mmoja kwa sauti na mmoja bila sauti.

Korido nzima watu wanamwita. Dokta, Dokta. Hatembei hatua kumi.

Nimepanga: mama akishalala kesho kwenye tieta ya upasuaji, natuma. Hapo sitakuwa na sababu. Nimeapa.

Alhamisi, 12 Juni

Saa tatu. Niko kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Laptop nimeibeba, chaji asilimia sitini. Mama kaingizwa sasa hivi. Kaninong'oneza nisilie, nguo yake ya kutokea iko kwenye mfuko wa njano.

Saa nne kasorobo. Muuguzi kasema amelala salama, bomba la hewa limepita kwa mara ya pili. Ya kwanza lilikataa. Dokta alilipitisha mwenyewe.

Niliapa natuma akishalala. Lakini aliyelala si lazima aamshwe? Na anayemwamsha ni nani? Natuma akiamka.

Najisikia. Najiona kabisa ninavyosogeza.

Saa saba na nusu. Wamemaliza! Goita imetoka, nusu kilo na ushee, damu haikuwa nyingi. Daktari wa upasuaji kapita anatabasamu. Bomba la hewa bado liko kooni, Dokta Priska atalitoa mwenyewe akiona koo halijavimba.

Nilipiga magoti palepale kwenye sakafu. Watu wakanitazama, watazame.

Saa nane na robo. Nimefungua laptop. Barua iko mbele yangu. Mama mzima. Mkataba wangu unaitaka barua hii. Dokta anaistahili tangu Jumamosi. Sina tena hata sababu moja ya kwangu.

Pembeni yangu kakaa mzee mmoja, Batholomeo, mfugaji kutoka upande wa Bahi. Mkewe ana goita pia, kapangiwa Jumatano ya tarehe 25. Kaja leo kuangalia njia tu, asije akapotea siku yenyewe na mgonjwa mkononi. Aliniona nalia, akanipa pole, nikamweleza mama katoka salama. Akataka kujua nani kamlaza. Nikamtajia. Akauliza huyo daktari tarehe 25 atakuwepo?

Nikasema, atakuwepo, baba.

Lilitoka haraka kuliko jina langu. Akashukuru, akarudia jina la Dokta mara mbili ili asilisahau.

Saa nane na dakika thelathini na tano. Dokta Priska alitoka. Kavua kofia, kaketi palepale alipoinuka mzee Batholomeo. Alama za barakoa usoni. Kasema mama yako ana koo gumu, nilimwogopa. Halafu akauliza, si kwa haraka: wamejibu?

Sikuweza tena. Nikaigeuza laptop kwake.

Kasoma barua pepe ya Bi. Carol. Pale kwenye sori alitoa kicheko kidogo, akajipiga paji la uso. Kasoma barua yangu mpaka chini, taratibu, mdomo ukitembea. Akasema ni nzuri, umenieleza vizuri. Akauliza kwa nini bado iko hapa.

Nikasema nilikuwa nasubiri mama afanyiwe.

Tangu lini?

Tangu Jumamosi.

Ningependa angenitukana. Alikaa anaiangalia saa ya ukutani, na mimi nikamwomba radhi. Nilisema nisamehe. Neno jingine lisingefaa.

Akafungua mdomo. Muuguzi akatoa kichwa mlangoni: Dokta, yule mama wa goita anavuta bomba! Akawa ameshasimama. Mlangoni akageuka akaniambia nisiitume na nisiifute. Anakuja kuamua mwenyewe.

Saa tisa kasorobo. Laptop asilimia kumi na nane. Saa tisa faili linafungwa.

Saa tisa kasoro dakika saba. Sijagusa kitu. Mlango umefungwa, bado yuko ndani na mama yangu.